Slaidi Tatu za Nyumbani

Siku hizi mtihani wa mafundi sanifu wa maabara unafanywa kwa damu ya nyumbani kwa mtahiniwa. Wasimamizi huja, hutoboa vidole vya watu wa nyumba, huficha majina, kisha mtahiniwa husoma slaidi, vile vioo vilivyopakwa damu, kwa macho yake mwenyewe.

Kwa miezi sita mke wangu Tumsifu, akijiandaa kwa mtihani huo, alitufanya sisi daftari lake la mazoezi. Kila asubuhi kabla ya chai, mama yangu, binti yetu Elineema na mimi tulijipanga mezani na kunyoosha vidole. Nilipenda kumwona akilivuta tone la damu mara moja tu, likawa jembamba kama ganda la kitunguu, kisha akainamia hadubini na kuhesabu chembe nyeupe. Hakosei. Hata mama, ambaye hasifu mtu, alisema, "Huyu mwanamke ana macho!"

Jumapili ya mwisho kabla ya mtihani alihesabu slaidi yangu, akaanza upya, akahesabu tena. Hakuwahi kurudia.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Iko safi, Baba Elineema. Kunywa chai."

Lakini slaidi ile hakuiweka kisandukuni na nyingine. Aliiosha.

Jana matokeo ya mtihani yalikuja.

"Mama amepata mia kwa mia!" Elineema akapaza sauti, na mama yangu akapiga vigelegele. Nikaichukua karatasi nikasoma majibu yake ya slaidi zetu tatu: safi, safi, saratani ya damu.

Tumsifu alikuwa ananitazama. Nikaikunja karatasi, nikapiga makofi kuwashinda wote, kwa sababu mke wangu hakosei.