Cherehani ya Pichani

"Hodi! Hapa ndipo panapouzwa cherehani?"

Mwanaheri aliinua macho kutoka kwenye simu. Mlangoni alisimama mwanamke asiyemjua, jasho likimtiririka, mkononi ana kanga ya kufungia mzigo.

"Hapa ni kwangu tu, dada. Mimi nashona, siuzi."

"Lakini muuzaji kaniandikia nyumba ya pili baada ya kinu cha kusaga, mlango wa kijani. Nimeshalipa, kasema nije kuchukua."

Mgeni akamwonyesha picha kwenye simu. Mwanaheri akaitazama. Ilikuwa cherehani ileile ya umeme aliyokuwa akiilipia yeye dakika hiyo. Ilibaki kuandika namba ya siri tu. Na maelekezo yale ya nyumba ndiyo aliyompa muuzaji asubuhi, ili aletewe mzigo.

Akafuta malipo. Akiba yake ya miaka mitatu ilisalimika.

"Karibu ndani, dada yangu. Wewe umeshaliwa pesa, ila mimi umeniokoa."

Mgeni, jina lake Salome, alijifuta machozi. "Nina sare kumi na mbili za watoto wa watu za kushona, cherehani sina, na shule zinafunguliwa Jumatatu."

"Kwanza tukamripoti huyo tapeli. Kesho njoo ushonee kwangu, mpaka umalize."

Kesho yake asubuhi bibi harusi alileta gauni la haraka, la malipo mazuri. Mwanaheri alilishika kitambo, akamrudishia.

"Leo cherehani ina mwenyewe, mwanangu."

Kisha akaketi mkekani, akishikiza vifungo vya sare kwa mkono, huku cherehani yake kuukuu ya kukanyaga ikinguruma chini ya miguu ya Salome.