Ombi la Mama Jenipher

Kwa mara ya tatu mwaka ule Mama Jenipher alisimama kwenye mkutano wa wazazi, na kwa mara ya tatu Thomas, mwenyekiti wa kamati ya shule, alitamani awe mahali pengine popote.

Ombi lilikuwa lile lile. Shule iwafundishe watoto wote kuogelea. Iwe lazima kama hesabu, asiachwe hata mmoja.

Hakuna aliyemcheka. Ilikuwa miezi saba tangu binti yake, Jenipher wa darasa la sita, aopolewe kwenye bwawa la shamba la chai. Mwekezaji aliyelinunua shamba lile kutoka serikalini alilipanua bwawa, akalichimba mpaka hakuna aliyejua kina chake, akaahidi uzio. Uzio haukujengwa. Kijiji kiliandika barua wilayani, Lushoto, kikajibiwa kwamba shamba sasa ni mali ya mtu binafsi. Kikamwandikia huyo mtu binafsi, naye hakujibu kabisa. Watoto wakaendelea kupita ukingoni kila asubuhi, kwa kuwa njia ya shule haikuwa na mbadala.

Jenipher alikuwa amekwenda kuchota maji. Ndoo yake ilikutwa ukingoni, imesimama wima, imejaa. Watu wakasema aliteleza, yakaishia hapo. Thomas, ambaye kazi yake ni useremala, ndiye aliyetengeneza jeneza.

Mkutano uliendelea kama ile miwili ya kwanza. Mwalimu mkuu, Dorothea, alisema angependa sana, lakini shule ina walimu watano na hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia maji yanayopita magoti. Hawa ni watu wa milimani. Mwanaidi, ambaye mabinti zake wawili wanasoma hapo, akataka kujua wasichana wataogelea wamevaa nini, na mbele ya nani. Mzee Mika akasema maji ya huku ni baridi, yatawapa watoto kichomi.

Thomas alisema neno la mwisho, na alilisema kwa upole. Mtoto asiyejua maji huyaogopa, na ule woga ndio unaomlinda. Ukimfundisha, wewe mwenyewe umemwonyesha njia ya bwawani.

Aliyasema akimfikiria Pendo, kitinda mimba wake wa darasa la pili. Wiki ile ile ya msiba, Pendo alirudi nyumbani ameloa chapachapa kwa mvua, na kesho yake kifua kikambana. Alilazwa hospitali kule Bumbuli siku kumi. Kifua kilipona, lakini aliyerudi nyumbani hakuwa Pendo waliyemjua. Hakuongea. Akiona beseni la kuogea alitetemeka mpaka meno yakagongana, na mama yake, Esteria, akawa anamfuta kwa kitambaa tu. Madaktari walisema hana ugonjwa. Mchungaji alikuja akaomba, bibi yake akaleta dawa za majani, wapi. Asubuhi Thomas alikaa kando ya kitanda akamsemesha, akamchongea hata kigari cha mbao, na mtoto akamtazama tu kama anayemtazama mgeni. Walijua ni majonzi. Jenipher alikuwa akimshika mkono kila siku kwenda shule.

Mtu pekee ambaye Pendo alimsogelea alikuwa Mama Jenipher. Kila Jumapili baada ya ibada mama huyo alipitia kwao, wakakaa wawili kibarazani wakipukuchua maharage. Siku moja Esteria aliapa kwamba amesikia mtoto akinong'ona. Alipotoka nje walikuwa kimya, na Mama Jenipher alikuwa anafuta macho.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Waliounga mkono walikuwa wawili, Mama Jenipher na mwalimu mkuu. Watu wakakunja kanga zao, wakatawanyika.

Thomas alimfuata Mama Jenipher kwenye kijia cha kushukia kambi ya wachuma chai. Hakutaka aondoke na kinyongo. Alimwomba asimwelewe vibaya, akamwambia kuwa hakuna siku inayopita bila kumkumbuka binti yule. Kisha akauliza kitu kilichomsumbua tangu mkutano wa kwanza: mtoto wake ameshakwenda, na hana mwingine shuleni. Anahangaika kwa ajili ya nani?

Mama Jenipher alizidi kushuka na kijia.

“Na hata angefundishwa,” Thomas aliendelea, akidhani anamfariji, “maji yale ni mengi, mama. Kuogelea kusingemsaidia.”

Hapo ndipo alipogeuka. Ukungu ulikuwa umeanza kufunika safu za chai chini yao, na kwa muda alionekana kama mtu anayetafuta pa kushika.

“Jenipher alikuwa anajua kuogelea, Baba Pendo. Sisi ni watu wa Ukerewe. Alijua kuogelea kabla hajajua kusoma.”

Thomas hakuelewa. Aliuliza, sasa mtoto anayejua kuogelea atazamaje, tena hatua chache kutoka ukingoni.

“Alikabwa shingo. Kuna mtoto aliteleza, Jenipher akajitosa kumtoa, na huyo mtoto kwa hofu akamng'ang'ania. Alimfikisha ukingoni, akamsukuma juu. Yeye nguvu zikamwishia.”

Thomas aliuliza ni mtoto gani huyo, na kwa nini miezi yote hii hakumtaja.

“Nilimwahidi kwamba sitamwambia baba yake,” alisema Mama Jenipher. “Leo nimeshindwa.”