Redio ya Mahindi

Mgambo walimkamata Narendra katikati ya migomba ya Nyanga, redio ndogo ameibana sikioni, akizunguka kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Ilikuwa wiki ya pili tangu ndege za Nduli wa Uganda zipite juu ya Bukoba. Siku hizo mtu hakuhitaji kosa kubwa ili afungwe kamba.

Walimpeleka nyumbani kwa Kamanda Rugaibula, kwa sababu ofisi ya kata ilikuwa imejaa watu waliokimbia kutoka ng'ambo ya Mto Kagera. Majirani wakajaa uwanjani. Kamanda alikaa kwenye kiti mbele ya mlango wake, redio juu ya meza.

Redio ile haikutoa muziki wala taarifa ya habari. Ilitoa mlio mmoja tu, mwepesi, usiokoma: tik-tik-tik-tik.

"Unaongea na nani?" Kamanda aliuliza.

"Na mahindi."

Uwanja mzima ukacheka. Narendra hakucheka. Gari la jeshi lingepita saa sita kuchukua washukiwa, na waliopanda gari hilo wiki iliyopita hawakuwa wamerudi.

Akaeleza upya, taratibu. Yeye ni fundi redio wa Bakoba, mtaa wa pale mjini Bukoba, wote wanamjua. Wenye maduka walipoombwa chakula cha wakimbizi walioko Izigo, alichanga magunia kumi ya mahindi. Ndani ya kila gunia alitumbukiza kidude alichokiunda kwa vipuri vya redio kuukuu, kikubwa kama kiberiti. Mahindi yakiwa makavu, kidude kinagonga polepole. Yakipata unyevu, kinagonga mbio. Mwenye redio akipita karibu anasikia, na gunia linatolewa kabla halijaota ukungu.

"Mahindi yenye ukungu yanaua, Kamanda. Kimya kimya. Gunia moja halikufika Izigo. Nimelitafuta tangu Bakoba, nikalisikia hapa. Limelowa. Sikiliza linavyokimbia! Nilitaka nilipate kabla mtu hajalipika."

"Hakuna gunia lililopotea!" Kamanda alipiga meza. "Lori lililobeba magunia hayo nililisindikiza mwenyewe. Nilihesabu yakipakiwa, nikahesabu yakishushwa. Mwijage, nilihesabu au sikuhesabu?"

"Ulihesabu, Afande," alijibu Mwijage, mgambo aliyekuwa akiandika maelezo.

"Halafu, Mhindi, hapa Nyanga tunakula ndizi. Nani atakuwa na gunia la mahindi nyumbani kwake? Atampikia nani?"

Watu wakacheka tena, kwa kuwa hilo lilikuwa kweli.

"Basi kama si gunia," Kamanda aliendelea, "ni mashine ya kuita ndege. Umemwekea adui alama atupige mabomu. Sema, umetumwa na nani? Ulikuja lini nchi hii?"

"Nimezaliwa Bakoba, Kamanda. Kihaya nilifundishwa na majirani, kama wewe."

"Nduli naye anajua Kiswahili!"

Safari hii hawakucheka. Mama mmoja alimvuta mtoto wake karibu, akatazama juu.

Ma Kokushubila, bibi wa nyumba ya jirani, alimjua Kamanda tangu akitambaa, na hakuwa na tabia ya kumwogopa. Alisogea mbele na mkongojo wake.

"Waitu, Rugaibula, mwanangu. Huyu anasema sauti inasikika ukiwa karibu tu. Sasa kitu cha adui kiko karibu, na sisi tumekaa tunakisikiliza kama misa? Kuku akitagia kichakani, si tunafuata sauti yake?"

Neno hilo lilimpendeza Kamanda. Kukamata mpelelezi ni jambo zuri. Kumkamata pamoja na mashine yake kungefika mpaka makao makuu.

"Naam! Tuitafute. Na nyumba itakayokutwa nayo, mwenye nyumba apande gari pamoja na huyu. Hata awe padri. Hata awe mama aliyenizaa! Mwijage, andika hivyo."

"Asiandike, Kamanda," Narendra alisema haraka. "Nakuomba. Ni mahindi tu."

"Mnamsikia? Ameanza kutetemeka. Andika! Kwamba hakuna mahindi, na mwenye nyumba ni mpelelezi. Nipe niweke sahihi."

Akaweka sahihi, kubwa, yenye mkia.

Mwijage alichukua redio, akaifungulia sauti yote, akaenda kwanza upande wa barabarani. Mlio ukafifia. Akaenda kwa mzee Kashaija. Ukafifia zaidi, na Kashaija akafanya ishara ya msalaba. Akazunguka nyuma ya nyumba ya Ma Kokushubila, akasikiliza mpaka kwenye banda la mbuzi.

"Mbuzi wangu nao wanatoka Uganda?" bibi alimuuliza.

Hakuna kitu. Mwijage akageuka kurudi uwanjani. Mlio ukaanza kupanda. Akapita kwenye mti wa mbuni, ukapanda. Akapita kwa Narendra, na Narendra akainamisha kichwa asitazame. Alipofika kwenye meza, redio ilikuwa inapiga kelele kiasi kwamba watoto waliziba masikio. Akasogea hatua mbili zaidi, akasimama, kwa sababu mbele yake palikuwa na kiti.

"Afande," alisema, "naomba unipishe mlangoni."

Kamanda hakupisha. Watu walikuwa wameacha kucheka, na hakuna aliyekuwa akitazama juu tena. Kule barabarani gari la jeshi lilipiga honi, mara moja, kisha mara ya pili.

Rugaibula aliitazama karatasi iliyokuwa mezani. Akamtazama mtu aliyefungwa kamba.

"Narendra, ndugu yangu," alisema kwa upole, "hebu waeleze tena watu hawa habari za mahindi."