Mpira wa Rejeta

Saa kumi na moja alfajiri, Ijumaa, tone jekundu la mafuta ya gia lilidondoka mchangani chini ya gari, mbele ya gereji ya Zahir mjini Ibri. Zahir alilifukia kwa ncha ya kandambili.

"Fundi, njoo unywe kahawa!" mwenye gari alimwita. "Mama anakuombea dua tangu tutoke nyumbani."

Mama huyo alikuwa amekaa mbele. Watoto watatu walibanana nyuma. Walikuwa wakienda kambi ya ngamia, ndani kabisa ya jangwa, ambako simu haishiki.

Jana jioni, maduka ya vipuri yakiwa yamefungwa, Zahir aliunga bomba la kupozea mafuta ya gia kwa mpira wa maji wa rejeta. Mpira huo hulainika mafuta yakipata moto, kisha huchomoka.

"Mbona umeganda? Au unataka twende wote, ukakamue ngamia?"

Watoto walicheka.

"Zima injini, sheikh."

"Jana si ulisema liko tayari?"

"Nilisema."

Injini ilizimwa. Zahir alijilaza chini ya gari, akatoa kisu na kuukata mpira.