Hutakuwa Peke Yako

"Usiitoe hiyo mimba, mwanangu. Hutakuwa peke yako," Moraa alimwambia binti mjamzito mlangoni mwa kliniki moja ya Lurambi. Tangu kanisa limtume pale, wengi aliowaambia maneno hayo walimpita kimya.

Huyu hakupita. Alimshika mkono kwa vidole vilivyolowa jasho.

"Sawa, mama. Siitoi. Lakini baba amenifukuza. Tunaenda kwako saa hii?"

Moraa aligeuka kuwatafuta wenzake wa maombi aliokuja nao. Walikwisha kwenda zao mvua ilipoanza.

Akakikumbuka chumba chake, na kile kitanda chembamba alichokilalia peke yake tangu afiwe na mume.

"Tunaenda, mama? Ama ulikuwa unasema tu?"

Vidole vya binti vikaanza kulegea. Moraa akavishika kwa nguvu.