Pumzi ya Mume wa Bhoke

Kabla ya kumpasua jipu la ini, daktari alitaka kujua kama moyo wa mume wa Bhoke ungehimili. Akamwambia apande kilima cha hospitali, kisha ashuke.

Alirudi akasimama wima mbele ya wanaume wa rika lake, waliomsindikiza kutoka kijiji chao kipya cha ujamaa.

"Hata hahemi," daktari alimwambia nesi. "Mwandae."

Bhoke alitazama miguu ya mumewe. Vidole vilikuwa vimejikunja kushika udongo, kama vya kijana aliyesimama mbele ya kisu cha ngariba. Alikuwa ameibana pumzi. Kumsema hapa ni kumwaibisha mbele ya rika zima.

"Daktari," alisema Bhoke, "mwambie aniite jina langu."

Daktari alisubiri. Mume alimkazia Bhoke macho ya hasira, midomo bado ameifunga.