Shavu la Miaka Kumi na Miwili

Siku hizi makovu ya chunusi hayakwanguliwi wala hayachomwi kwa miale. Ngozi yenyewe hurudishwa nyuma, mpaka umri wa kabla chunusi hazijabisha hodi. Mwanamkasi, mwanamke wa miaka arubaini, alichagua umri wa miaka kumi na miwili, akatoka kliniki na mashavu laini kama yai lililomenywa.

Asubuhi ya pili alijitazama kwenye kioo bila poda, akashusha pumzi aliyoibana tangu usichana wake. Alhamdulillahi! Leo, kwenye harusi aliyoalikwa, angekaa safu ya mbele, na taa ziwake zitakavyo.

Mumewe, Kombo, akaja kumpapasa shavu, kama ilivyo ada yake kabla ya kwenda kazini. Shavu likaruka lenyewe.

"Ala! Umeniogopa?"

"Mimi sijakuogopa. Daktari alisema ngozi haikumbuki yaliyokuja baadaye. Shavu hili bado hujalioa."

Kombo akaangua kicheko. "Basi n'taleta posa upya!"

Alipoondoka, Mwanamkasi akafungua sanduku kutafuta kanga ya harusini. Chini kabisa akaikuta ya mama yake, aliyefariki yeye akiwa na miaka kumi na mitatu. Akaiinua kuinusa, ikamgusa uso.

Shavu halikuruka. Lililegea, likajilaza kwenye kanga ile kwa raha zote, kama mtoto anayejua mama yuko jikoni na sasa hivi atamwita kula.

Mwanamkasi hakuwa na moyo wa kuliambia.